Kidole cha Mwisho

Weka gumba, mama, anasema kijana wa dirisha namba nne.
Naweka.
Kitaa chekundu.
Futa kwa kanga, weka tena.
Nafuta, naweka. Chekundu.
Nyuma yangu mtu anakohoa kikohozi cha kuniharakisha.

Zahanati ya zamani hapa Keko ilikuwa na vyumba vitatu
na mlango uliogoma masika yote.
Nesi Filothea hakuuliza kidole.
Alisikia ndara zangu kwenye kokoto,
akasema kabla sijapiga hodi:
Chausiku, umekula chumvi tena.
Faili langu lilikuwa daftari la shule, la mistari,
jalada limeliwa na mende pembeni,
na ndani yake uzazi wa watoto sita, vifo vya wawili,
malaria zote za nyumba yangu kwa mwandiko mmoja.

Sisemi kulikuwa peponi.
Mara ngapi nimetoka na karatasi mkononi,
dawa kanunue dukani,
na dukani bei ina meno.
Mume wangu Shomvi alifia kwenye benchi
alilolichonga mwenyewe, la mninga,
akalitoa kwa zahanati bila kudai hata pesa ya misumari.
Tulikuwa tunasubiri gari. Gari lilikuwepo, lina matairi yote manne,
halina mafuta.
Basi mtu asinisimulie zamani.
Zamani naijua, nimeiosha na kuivisha sanda.

Sasa ni ghorofa mbili, vigae vinateleza kama kambale,
viti vya chuma vimeshikana vitatu vitatu,
sauti ya mwanamke asiyeonekana inaita namba.
Mimi ni mia moja na saba.
Kitwana Pazi ni mia moja na nane, hasikii.
Mimi ndiye sikio lake, yeye ndiye macho yangu:
ananisomea ukutani, MZEE KWANZA,
tunacheka mpaka mkanda wa presha ungetuumbua.

Kitwana anayapenda mabadiliko.
Sukari yake inapimwa barazani kwake kila Jumanne.
Anakuja Stumai na kishikwambi,
anavua viatu mlangoni, anauliza maswali arobaini.
Unalala saa ngapi, unakula mboga, unasahausahau?
Kwangu pia anapita.
Hakuna swali la nani anakupikia.
Nilimwambia aliandike. Akasema, bibi, hakuna nafasi yake.
Akaketi hata hivyo, akanimenyea viazi,
kifaa kikazima chenyewe kwa kungojea.

Weka cha shahada, mama.
Naweka cha shahada, naweka cha kati, cha pete.
Mashine inasema sipo.
Kijana anapindua kiganja changu kwenye mwanga:
Alama zimefutika. Ulikuwa unafanya kazi gani?
Nianzie wapi?
Miaka thelathini na moja nilipiga msasa nyuma ya Shomvi,
vitanda, makabati, majeneza.
Nyumba ngapi za mji huu zina ngozi yangu chini ya vanishi!
Mistari yangu ipo, mwanangu. Iko kwenye milango ya watu.

Hakucheka. Akasema taratibu,
hebu tujaribu kile cha mwisho.
Kile ambacho maisha yote nilikiinua kisiguse msasa,
kivivu, kinanyanyuka hata nikishika kikombe.
Kijani.
Jina langu likatokea kwenye kioo, limekosewa: Chausku.
Umri sawasawa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema,
lakini hiki kimenipa vidonge vya miezi miwili,
vyote, bure, hakuna cha kukimbilia dukani.
Nilivitia kifuani nikausikia uzito wake.

Nikatoka. Nikamuuliza mlinzi benchi lilipo.
Akanionyesha nyuma, karibu na tanuri la taka,
limelala ubavu, mvua imelinyonya rangi.
Nikapitisha kiganja ubaoni.
Bado laini.
Kitwana akauliza, unasema nini?
Nikampazia sauti: sijasema kitu,
shika huko mwisho, tulisimamishe.